Mistari Saba ya Fosforasi

1

Fomu ya kiapo ina maswali kumi na manne. Inauliza kama nina udugu na mwombaji, wa damu au wa ndoa. Inauliza kama nimewahi kula sikukuu nyumbani kwake, kama tumewahi kushitakiana, kama tunasali kanisa moja. Haiulizi kuhusu wivu. Waliotunga fomu ile walikuwa watu wema mno, au hawakuwahi kufanya kazi ofisi moja na mtu aliyewapita.

Jumatatu ile jina la mwombaji lilikuwa Kokubanza Ishengoma. Nikajibu hapana mara kumi na nne, nikasaini, nikampa karani fomu yake.

Mimi ni Nainkwa Kaaya, Msomaji wa Kiapo katika Taasisi ya Sumaku, huku kwetu kwenye miteremko ya Meru. Wasomaji tuko saba nchi nzima. Kazi yetu ilianza baada ya ile miaka ya vifua, mlioiishi mnaikumbuka, betri za pampu za moyo zilipovuja ndani ya miili ya watu, na mashine zilizozipitisha, mashine zenye akili kuliko sisi sote, zikakutwa zimefundishwa kusema ndiyo. Tangu hapo kitu chochote kinachoingia kifuani mwa mtu lazima kisomwe na binadamu, mmoja, mara moja tu, halafu huyo binadamu aape. Mara moja, kwa sababu zamani makampuni yalikuwa yanarudia vipimo mpaka yapate jibu yanalolitaka. Nikisema hapana, mwombaji anakaa miaka saba ndipo aombe tena, na hakuna anayeruhusiwa kunihoji nimeonaje. Njia ya kurudia kipimo iko moja: msomaji mwenyewe asimame aape kwamba alikosea. Akishaapa hivyo hasomi tena maisha yake yote. Kwa kifupi, anamwaga unga.

Koku alileta sanduku mwenyewe. Wengine huwatuma madereva. Yeye alilibeba kwa mikono miwili, limefungwa kwa lakiri nyekundu pande zote, akaliweka juu ya meza yangu taratibu.

"Shikamoo, Dada Nainkwa."

"Hakuna mazungumzo," karani akasema.

"Jamani! Salamu nayo ni mazungumzo?" Koku akacheka, meno yote nje.

"Marahaba," nikasema, maana ningefanyaje.

Hayo meno niyaseme kabisa niyamalize. Mimi nimezaliwa Ngarenanyuki. Maji yetu yana floraidi tangu Mungu alipouumba mlima, na meno yangu ni ya kahawia, kama ya mama yangu, kama ya bibi yangu. Koku katokea Bukoba. Yake ni meupe na yamepangana. Akicheka, watu wazima wenye akili zao wanacheka naye bila hata kujua kinachochekesha. Mimi nikicheka naziba mdomo kwa kiganja, tabia niliyoianza darasa la tatu, na sasa nina miaka hamsini na minne.

Binti huyu alikuja hapa miaka kumi na minne iliyopita kunioshea mirija. Haya, na kuniwekea lebo, na kunipikia chai. Nikamfundisha kila kitu. Siku moja tunakula loshoro, ule mlo wetu wa mahindi na maziwa ya mgando, kwenye benchi la nyuma, nikamwambia, "Chumvi ya betri za vifuani adui yake ni maji tu. Mtu akipata ute wa kuizingira chumvi, maji yasiiguse, betri moja itamtosha mgonjwa maisha yake yote." Akaacha kutafuna. Akaniuliza, "Ute wa namna gani, dada?" Nikamwambia ningejua ningekuwa hapa nakula loshoro na wewe?

Akaondoka mwaka uliofuata. Akahangaika na ute miaka tisa. Akaupata.

Wazo lilikuwa langu. Basi, nikubali: wazo lilikuwa la kila mtu mwenye kazi hii, limo hata kwenye vitabu vya chuo. Lakini siku ile lilitoka mdomoni mwangu, na sasa picha yake iko kwenye ukuta wa ukumbi wetu, na chini ya picha wameandika alianzia hapa. Hawakuandika alianzia kwa nani. Kila nikipita natazama upande wa madirisha.

2

Niwaeleze kazi yenyewe, maana watu wanadhani tunapiga ramli.

Ndani ya kila chembe ya florini kuna kiini, na kiini hicho kina usumaku kidogo. Ukikiweka katikati ya sumaku kubwa ukakigutusha kwa mawimbi ya redio, kinaitika. Kitaitika kwa sauti gani, hiyo inategemea kimekaa wapi na majirani zake ni akina nani. Chumvi yetu ina fosforasi moja katikati na florini sita kuizunguka. Ukiziita florini zinakuchorea mistari miwili, kwa sababu ya yule jirani yao mmoja, fosforasi. Ukiiita fosforasi inakuchorea mistari saba: unahesabu majirani zake sita, unaongeza moja. Wa katikati ndio mrefu, ya kando inashuka kwa mpango, ya mwisho kabisa ni mifupi mpaka uitafute. Florini moja ikichomoka, fosforasi haiwezi kuficha. Mistari inapungua, inahama, unaiona. Nilikuwa nawaambia wanafunzi, ukitaka habari za ndoa mwulize mume, halafu kamwulize na mke.

Sheria inanitaka niulize florini tu, kwa sababu florini ndiyo iliyoua watu. Fosforasi ni hiari ya msomaji.

Jumanne saa nne asubuhi nikashusha ndani ya sumaku mrija wenye chumvi ya Koku, niliyoitia humo Jumatatu mchana. Mistari miwili ikatoka palepale inapotakiwa, hasi sabini na mbili, imenyooka. Halafu kando kabisa, kwenye hasi mia na ishirini, nikaona kimstari. Kifupi, lakini kipo. Hapo ndipo inapokaa florini huru, ile iliyokwisha kuachana na fosforasi, ile inayokula mifupa na kusimamisha moyo. Nikapima. Chembe tatu kwa milioni. Sheria inaruhusu moja.

Nilifurahi.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilisikitika. Nilifurahi mpaka nikainuka kwenye kiti, nikasema peke yangu mle chumbani, "Yako wapi sasa, Koku?" Nikaiona picha ikishushwa ukutani, nikaona misumari inang'olewa. Nikatembea kwenda dirishani na kurudi. Miaka tisa ya ute, na mimi nimeumaliza kwa dakika arobaini.

Kisha, kwa mazoea tu, nikaiita fosforasi.

Ikanijibu mistari saba. Nikavuta mchoro karibu, nikatafuta kasoro chini kabisa, kwenye ile michirizi tunayoiita vumbi la mashine. Hakuna. Wa katikati mrefu, ya kando inashuka kwa mpango wake, na kati ya mstari na mstari kumeachwa nafasi zilezile, hezi mia saba na kumi, mia saba na kumi, mia saba na kumi. Hakuna fosforasi hata moja iliyopungukiwa na florini.

Sasa fikirini na nyie. Kama kuna florini imechomoka, imechomoka kwa nani? Kila mke yuko nyumbani. Basi huyu mgeni hakutoka kwenye chumvi ya Koku. Ameingia na mrija.

Nikaketi. Nikautazama mrija wa akiba kwenye kishikizo, nao nilikuwa nimeuosha mwenyewe. Mtambo wa maji safi uliharibika tangu Ijumaa, fundi alikuwa anasubiri kipuri, na mimi nikasuuza mirija kwenye bomba la ukutani nikaikausha haraka haraka. Maji ya bomba letu yanapita kwenye pipa la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ule mkaa ndio unaokamata floraidi, na floraidi ndiyo hiyohiyo florini huru. Lakini mkaa unachoka, inabidi ubadilishwe kila miezi mitatu. Nikaenda kuangalia kadi ya pipa. Anayehusika ni Kaaya N., saini yangu hiyo hapo. Mara ya mwisho ilikuwa miezi saba iliyopita.

Mtu wa Bukoba asingefanya kosa hilo. Wala wa Mtwara, wala wa Kigoma. Mgeni akifika hapa siku ya kwanza anaambiwa asiyaguse maji ya bomba, na anaogopa kweli. Sisi tuliozaliwa nayo, tuliopikiwa uji kwa maji yale, hatuwezi kuyaona kama kemikali hata tukisomea mpaka uzamivu. Kwetu maji ni maji. Mkono ulikwenda bombani wenyewe.

Na kuna jingine lililoniuma zaidi, nalo lilinichukua muda kulimeza. Mrija ule haukukauka vizuri. Chumvi ya zamani ikikutana na tone moja la maji inaanza kusambaratika siku hiyohiyo. Hii ya Koku ilikaa na unyevu tangu Jumatatu mchana, na mistari yake saba ilikuwa imesimama. Bila kujua nilikuwa nimeipima kwa ukali kuliko sheria inavyotaka, na ikashinda. Koku mwenyewe hakuwa anajua kwamba kazi yake ni nzuri kiasi kile. Nilikuwa najua mimi peke yangu duniani.

Jumatano nikasuuza mrija mwingine kwenye bomba lile, nikatia kiyeyusho kitupu kisicho na chumvi hata chembe, nikashusha kwenye sumaku. Hasi mia na ishirini. Chembe tatu kwa milioni.

Nikakaa kwenye meza nikaandika ripoti. "Katika sampuli iliyosomwa kumeonekana florini huru iliyozidi kiwango." Nikaisoma mara nne. Kila neno lilikuwa la kweli. Mchoro wa fosforasi nikauweka kwenye droo yangu nikafunga kwa ufunguo.

Mtasema niliogopa kupoteza kazi. Niliogopa, ndiyo. Lakini hofu ningeweza kuishinda kwa kikombe cha chai na dakika kumi za kujikaripia, nimeshashinda kubwa kuliko hiyo. Kilichofunga droo ni kijiba cha roho. Nilikuwa natazama maisha yangu yakiishia hivi: msomaji aliyefukuzwa kwa uzembe wa kusafisha mirija, na pembeni yake yule aliyekuwa akimsafishia, sasa ukuta mzima ni wake. Nilishindwa kabisa kuyapitisha hayo kooni.

3

Alhamisi nilikwenda zahanati ya Taasisi kuchukua dawa yangu ya presha. Kwenye veranda alikuwa amekaa mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, amejifunga shuka la Kimasai juu ya gauni, anasahihisha madaftari ya watoto. Kifuani kwake palikuwa panatoa mlio mdogo kila baada ya muda. Nikajua huyo ndiye mgonjwa anayeingojea betri ya Koku.

Jina lake nilikuwa nimelisoma kwenye jalada la ombi: Nashipai Mollel, mwalimu wa hisabati. Pampu yake ya moyo ilikuwa na betri ya aina ya zamani, zile za miaka minne, na kila ikibadilishwa wanampasua kifua. Ameshapasuliwa mara tatu. Madaktari walikuwa wameandika kwamba kifua kile kitavumilia kisu mara moja tu tena. Yaani betri itakayofuata ndiyo ya mwisho, iwe ya miaka minne au ya maisha.

"Shikamoo, mama," akasema. "Karibu ukae, madaftari yasikutishe."

"Marahaba, mwalimu." Nikakaa. Nilipaswa kuondoka. "Wanafaulu?"

"Wanafaulu kunichosha. Tazama huyu, saba mara nane ameandika arobaini na kitu. Arobaini na kitu!" Akacheka, halafu akashika ubavu mpaka mlio upite. "Samahani. Huyu mwenzangu wa ndani ana wivu, sitakiwi kucheka sana."

"Bado ana siku ngapi?"

"Kumi na moja. Anazihesabu mwenyewe, ukibonyeza hapa anasema. Mwanzoni nilikuwa nabonyeza kila saa, siku hizi nimemnyima, asije akajiona." Akafunga daftari. "Ila sina wasiwasi sana. Kesho baraza linakaa kuhusu betri ya Dokta Koku. Unamfahamu?"

"Namsikia."

"Huyo dada, jamani! Kila siku anakuja wodini. Ameniletea senene wa kwao, eti wana protini. Nikamwambia mimi Mmasai, mimi na wadudu wapi na wapi, akala mwenyewe kopo zima huku ananihadithia."

Roho iliniuma, nawaambia. Hata mgonjwa kampenda. Hata senene wamemsaidia.

"Nilimwuliza juzi," Nashipai akaendelea, "je, huyo msomaji akisema hapana? Akaniambia, 'Mwalimu, anayesoma ndiye aliyenifundisha. Kwa mkono ule hakuna kitu kitakachopita kisionekane, kiwe kizuri au kibaya. Ningeambiwa nichague msomaji ningemchagua huyohuyo.' Basi na mimi nikatulia. Unajua raha ya kujua kwamba mtu anayeshika maisha yako ni mtu wa haki?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi. Nikasema, "Mungu ni mwema," nikainuka, nikaenda zangu bila hata dawa ya presha.

Njiani nikamkasirikia Koku. Mnaona nilivyokuwa? Amenisifu nyuma yangu, mbele ya mtu asiyenijua, bila faida yoyote, na mimi nikamkasirikia kwa kuwa hata kusifu anajua kuliko mimi. Katika miaka yote ile sikuwahi kumsifu mtu ambaye hayupo.

4

Baraza lilikaa Ijumaa saa tatu. Watu watano mbele, katikati yao mwenyekiti, Mzee Chamshama, jaji mstaafu anayesikia kwa sikio moja. Koku upande wa kulia, amevaa gauni la kijani. Nashipai nyuma yake kwenye kiti cha magurudumu, na nesi. Mlio wake ulikuwa unasikika ukumbini kote.

Utaratibu wetu ni huu. Msomaji anasoma sentensi yake. Mwombaji anajibu neno moja kati ya mawili, napokea au napinga. Kila mtu aliyekataliwa husema napinga. Halibadilishi hukumu, lakini linaacha mlango mmoja wazi: mgonjwa anaweza kumwandikia Waziri kuomba ruhusa ya huruma, na Waziri anaweza kumkubalia yeye peke yake. Akisema napokea, mlango huo unafungwa. Katika miaka yangu kumi na tisa nilikuwa sijawahi kulisikia neno napokea kutoka kwa mtu aliyeshindwa. Nilikuwa nimelitegemea hilo, nikiri. Nilijiambia, Koku atapinga, Nashipai atamwandikia Waziri, Waziri atamhurumia mwalimu wa watoto, na mimi nitakuwa sijaua mtu. Nitakuwa nimemshusha Koku tu.

Nikasimama. Nikasoma. "Katika sampuli iliyosomwa kumeonekana florini huru iliyozidi kiwango. Chembe tatu kwa milioni. Naapa."

Koku alikuwa ananitazama usoni kana kwamba nimemwambia habari ya msiba. Hakuonyesha kuniudhikia hata kidogo.

"Mwombaji," Mzee Chamshama akasema. "Unapokea au unapinga?"

"Mheshimiwa, naruhusiwa kusema kitu kabla?"

"Kifupi."

"Nimekuja nikiamini ute wangu haupitishi. Nimeupima mwenyewe mara mia sita." Akawageukia wajumbe. "Lakini mimi nimejipima mwenyewe kazi yangu mwenyewe, na mtu anajipenda. Huyu mama alinifundisha kusoma mstari wangu wa kwanza. Akisema ipo, ipo. Ningepinga ningekuwa nasema amekosea, au amesema uongo, na yote mawili siyaamini. Kumbe nilikuwa napeleka sumu kifuani kwa mwalimu." Akamgeukia Nashipai. "Nisamehe, mdogo wangu. Sitakuombea kwa Waziri uwekewe kitu kama hicho." Akarudi mbele. "Napokea."

Nesi akasema, "Ee Mungu wangu."

Mzee Chamshama alivuta muhuri. Ana mkono mzito, muhuri anaupulizia kwanza ndipo aupige. Nashipai akainua kidole, kama wafanyavyo wanafunzi wake.

"Samahani, mwenyekiti. Mimi si mwombaji, najua. Nataka kujua tu, nirudi wodini au nirudi shule? Maana kama ni siku kumi zilizobaki, kuna darasa sijalimalizia somo la sehemu."

Hakulia. Aliuliza hivihivi, kama mtu anayeuliza saa. Nikamtazama Koku, nilidhani nitakuta ameshindwa na nitapata ile raha ya Jumanne. Alikuwa ameinama, mabega yanatikisika, na sikupata raha yoyote. Niliitafuta, wala siwadanganyi, niliitafuta.

"Usipige muhuri," nikasema.

"Unasemaje?" Mzee Chamshama akageuza sikio lake zima.

"Mheshimiwa, usipige. Naapa kwamba nimekosea." Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe. "Mrija niliusuuza kwa maji ya bomba. Pipa la mkaa limechoka, na mwenye jukumu la pipa ni mimi. Florini huru imetoka kwenye maji. Fosforasi niliisoma pia, mchoro uko kwenye droo yangu, ufunguo huu hapa. Mistari ni saba na ni kamili. Chumvi ya Dokta Ishengoma haikupoteza florini hata moja, tena ilikuwa imelala na maji. Ni nzima kuliko yeye mwenyewe anavyojua."

Ukumbi ukalipuka. Mmoja wa wajumbe alikuwa amesimama ananyoosha kidole, karani anaandika huku anatikisa kichwa. Mzee Chamshama aligonga meza mpaka wakanyamaza, akanivua kiapo palepale kwa sentensi mbili, akaamuru msomaji mwingine aletwe kutoka Mbeya. Kipimo kipya na maandalizi yake ni siku nane. Nashipai alikuwa na kumi.

Niwaambie mapema msihangaike: Nashipai yu hai. Alipasuliwa siku ya tisa, nimesikia amesharudi darasani na anagombana na saba mara nane. Lakini siku ile hakuna aliyejua, na mahesabu ya siku yalikuwa usoni kwa kila mtu.

Koku alikuja mpaka mbele yangu. Sheria inakataza kumhoji msomaji, lakini mimi sikuwa msomaji tena.

"Ulijua lini?"

"Jumatano nilihakikisha."

"Sijauliza ulihakikisha lini."

"Jumanne," nikasema. "Jumanne kabla ya chakula cha mchana."

"Jumanne mwalimu alikuwa na siku kumi na tatu." Hakupandisha sauti. "Dada, kosa la maji lingempata yeyote. Ungenipigia simu Jumanne ningekusamehe kabla hujamaliza kusema, tungecheka, na mimi mwenyewe ningekwenda kwa Waziri kwa miguu kukuombea wasikuvue. Lakini umeniacha nisimame hapa niseme mbele ya mgonjwa wangu kwamba nimetengeneza sumu. Ulikuwa unanitazama nikisema. Nimekukosea nini?"

Nilikuwa na miaka kumi na minne ya majibu, na hakuna hata moja lililofaa kusemwa kwa sauti.

"Hujanikosea kitu," nikasema.

"Basi sikuelewi," akasema, "na sitaki kukuelewa leo." Akamshika Nashipai mkono, nesi akasukuma kiti, wakatoka. Wajumbe waliwapisha njia, wengine wakawafuata.

Na mimi, mnajua nilichokiona kwanza? Haikuwa aibu. Niliona jinsi alivyosimama mbele yangu wima, amekasirika bila kutukana, ana haki yote upande wake na hakuitumia kunidhalilisha, na ukumbi mzima unampenda kwa hilo. Nikamwonea wivu hata hiyo hasira. Mimi sijawahi kukasirika kwa haki namna ile hata siku moja. Aibu ilikuja baadaye, nilipobaki na karani akiniomba nirudishe funguo za chumba cha sumaku, na tangu ilipokuja haijaondoka.